Lehemu Haiumi: Kuwafuatilia Wagonjwa Nyumbani, Njombe na Makambako



Shinikizo la damu unaweza kulipima nyumbani kila asubuhi. Lehemu, au kolestro, haina haraka hiyo. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na aliyeanza dawa hupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 12. Anayejitoboa kidole kila siku anamaliza vipimo bure. Cha kufuatilia kila wiki ni kama dawa inamezwa, kwa maana lehemu haiumi. Mwenye nayo analima viazi vyake Uwemba kama kawaida. Dawa ikiisha, haoni sababu ya kupanda gari kwenda kuchukua nyingine. Baada ya miaka, mshipa wa moyo au wa ubongo unaweza kuziba.

Kumeza dawa bila kusikia maumivu ni jambo ambalo mkoa wetu umejifunza kwa gharama kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, kiwango kinachoongoza nchini. Wengi wao wamemeza ARV kila siku kwa miaka, na wamezeeka nazo. Nawaheshimu sana kwa hilo. Sasa moyo ndio unaowatishia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliwahusisha watu 7,769 wenye VVU, wakiwamo wa Uganda: waliopewa pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 pungufu. Lakini msijinunulie dukani. Simvastatini, kwa mfano, ambayo nayo hushusha lehemu, haichanganywi na dawa za VVU zenye ritonavir.

Namna ya kuwafuatilia imekwisha kujaribiwa kwa jirani. Katika jaribio la WelTel nchini Kenya, lililochapishwa mwaka 2010, walioanza ARV walitumiwa ujumbe kila wiki: Mambo? Walijibu Sawa au Shida. Aliyejibu Shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa. Simu ya vitufe ilitosha.

Mfikirie dereva wa lori anayelala Makambako. Leo yuko hapa, kesho Tunduma, keshokutwa Chalinze. Kliniki ya kila Jumanne haimfai hata kidogo, ila ujumbe unamfikia popote, na damu anaweza kutolewa siku yoyote anapopita.

Ombi langu kwa wakuu wa vituo vya afya mkoani ni hili: anayefika kuchukua ARV na ametimiza miaka 40, apimwe lehemu siku hiyohiyo. Namba yake ya simu iandikwe kwenye faili, na apangiwe muuguzi anayemfahamu kwa jina, wa kumuuliza hali kila wiki.