Mzabibu, Nyani na Kobe: Maisha katika Bonde la Constantia



Kila mkulima wa mahindi aliyepata kulima karibu na msitu au majabali, awe wa Taita au wa Meru, amjua nyani kuliko awezavyo kufundishwa na kitabu chochote. Basi hatashangaa akisikia kwamba huko kusini kabisa mwa Afrika, nyuma ya Mlima wa Meza, karibu na mji wa Cape Town, wako wakulima walio na taabu ile ile. Tofauti ni kwamba wao hawalimi mahindi bali mizabibu.

Bonde lao huitwa Constantia. Mwaka 1685 Simon van der Stel, aliyekuwa mtawala wa Wadachi katika nchi hiyo, alipewa ardhi hapo, na shamba lake la mizabibu likapata sifa. Mvinyo mtamu wa bonde hilo ulitafutwa na wakubwa wa Ulaya, hata Napoleon alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St. Helena aliletewa. Haifai kusahau kwamba mikono iliyochimba na kupogoa ilikuwa ya watumwa, waliotolewa Asia, Bukini na pwani ya Msumbiji, mpaka utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1834.

Mzabibu si mmea wa mtu mwenye haraka. Ukipandwa leo, mavuno ya maana hayapatikani kabla ya mwaka wa tatu, lakini baada ya hapo waweza kuzaa miaka thelathini au zaidi. Kwa hiyo mwenye kupanda huwapandia watoto wake. Kazi za mwaka hufuatana kama saa: wakati wa baridi, mwezi wa Juni hata Agosti, mti huwa mtupu, nao hupogolewa, mnamo Septemba huchipua, na tangu mwisho wa Januari mpaka Aprili ni mavuno. Wachumaji huanza alfajiri, zabibu zikiwa bado baridi, kwa maana zikipata joto huharibika upesi.

Majuma machache kabla ya mavuno, sukari huingia katika zabibu kwa haraka, na habari hiyo haimfikii mwenye shamba peke yake. Nyani hushuka mlimani. Hulala juu ya majabali au miti mirefu, na jua likichomoza huteremka kwa makundi: madume, majike na watoto waliopanda migongoni mwa mama zao. Dume kubwa laweza kupata kilo 30 au kuzidi, na meno yake ni marefu. Mtu mwenye akili hasimami kati yake na chakula. Wala nyani hachumi kama mtu. Hung'ata kichala hapa, hukitupa, hushika kingine pale, na katika kupita huvunja matawi. Hapo ndipo hasara inapokuwa mara mbili, kwa sababu tawi la mwaka huu ndilo linaloachwa wakati wa kupogoa ili litoe matunda ya mwaka ujao.

Zamani jambo hili lilimalizwa kwa bunduki, na aliyemwua nyani hakuulizwa neno. Lakini nyani wa rasi hiyo wamezungukwa na mji. Upande mmoja nyumba, pande nyingine bahari. Jumla yao ni mia kadhaa tu, nao hawawezi kuchanganyika na wenzao wa bara. Mwaka 2015, mwezi wa Machi, moto mkubwa uliunguza milima ya huko siku nyingi, na baadhi yao wakafa au kuungua, na miti waliyoilalia ikateketea. Watu wengi wa mjini huwaona kuwa ni urithi. Kwa hiyo mwaka 2018, ilipojulikana kwamba baadhi ya mashamba ya Constantia yalikuwa yamepewa vibali vya kuwapiga nyani risasi, zogo kubwa lilizuka. Wenye mashamba walisema kwamba hasara imewazidi, na kwamba watumishi wao wamo hatarini. Waliowapinga walisema kwamba mlima ulikuwa wa nyani kabla haujapandwa mzabibu hata mmoja. Kusema kweli, pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo sababu neno lile halikuisha upesi.

Njia nyingine zimejaribiwa. Kuna waliotumia nyoka wa mpira na vyombo vya kupiga kelele, lakini nyani huogopa kitu siku mbili, siku ya tatu akakikalia. Walinzi walioajiriwa hufuata makundi tangu asubuhi mpaka jioni, wakiyarudisha mlimani kwa kelele na kwa bunduki zinazotupa vidonge vya rangi badala ya risasi. Kazi hiyo ni ya mchana tu, kwani usiku nyani hatembei. Yeyote aliyepata kuachwa shambani utotoni alinde mahindi, huku wenzake wakicheza, ataielewa mara moja.

Dawa iliyosaidia kuliko nyingine ni ua wa waya wenye umeme. Lakini hata huo hautoshi kujengwa tu. Tawi la mti likining'inia karibu, nyani hupanda juu yake na kurukia ndani. Kwa hiyo miti ya kando sharti ikatwe au ipogolewe. Tena ua huo una ubaya wake ambao watu wachache waufikiri. Kobe akigusa waya ulio karibu na ardhi hakimbii kama mnyama mwingine. Hufanya kama alivyofundishwa na maumbile yake: huingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, akakaa pale pale chini ya waya, akipigwa na umeme tena na tena mpaka afe. Katika sehemu nyingine za Afrika ya Kusini kakakuona naye hufa hivyo hivyo, kwa kuwa hujikunja akauzunguka waya. Wala haisaidii kuzima umeme usiku, kwani kobe, kama nyani, hutembea mchana. Basi anayejali huinua waya wa chini, akaweka wavu usio na umeme karibu na ardhi, nyani asipenye na kobe asifikiwe. Gharama huongezeka, na si kila jamaa yenye shamba dogo iwezayo kuilipa.

Nyani ndiye anayesemwa sana, lakini hayuko peke yake. Nungu huja usiku akaguguna mashina. Kwenzi wa Ulaya hushuka kwa makundi juu ya zabibu zilizoiva. Hao si wenyeji, waliletwa Cape Town na Cecil Rhodes mwaka 1897 kwa kupenda kwake tu, na gharama hulipwa na watu ambao hawakuzaliwa wakati huo. Upande wa faida, bundi hula panya, na kanga huokota konokono kati ya mistari. Tena kuna nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya wadudu weupe wenye unga, wale wanaofyonza mizabibu na kueneza ugonjwa wa virusi wa kukunja majani. Sisimizi wa kigeni kutoka Argentina huwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wanaoutoa, wakiwafukuza nyigu. Kwa hiyo mkulima hupigana na sisimizi ili nyigu wafanye kazi yao. Wageni wajao mwezi wa Aprili hupiga picha majani mekundu na kuyasifu uzuri. Mara nyingi wekundu ule ndio dalili ya ugonjwa wenyewe.

Pembezoni mwa mashamba, mlimani, yamo majani na maua yasiyopatikana mahali pengine popote. Katika pembe hiyo ya Afrika kuna aina karibu 9,000 za mimea, na mwaka 2004 sehemu zake nane ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo mpango ulianzishwa wa kuwashawishi wenye mizabibu waache sehemu ya ardhi yao bila kulimwa. Wengi walikubali. Ndiyo kusema wanamtunzia nyani nyumba yake, huku wakimfungia mlango wa shamba.

Mavuno yakiisha, vichala vidogo vilivyochelewa kuiva hubaki juu ya miti, maana havitoshi kulipa ujira wa mchumaji. Vingine huanza kuchacha kwa jua. Waya ukilegea mahali, nyani hupajua kabla ya mwenye shamba kupajua. Huingia wakala, na safari hiyo hakuna anayewakimbilia kwa haraka.