Picha Inaposema Asilolisema Mwandishi



Naomba nianze na kuku. Mwaka 1968 Pat Hutchins wa Uingereza alitoa kitabu kiitwacho Rosie's Walk. Maneno yake yote ni 32, tena katika sentensi moja: kuku anatoka bandani, anazunguka shamba, anarudi kwa wakati wa chakula. Ukiyasoma maneno peke yake utauliza hadithi iko wapi. Imo kwenye michoro. Nyuma ya kuku yupo mbweha anayemvizia, na kila akiruka anaumbuka: hapa anakanyaga reki, pale anatumbukia bwawani. Neno "mbweha" halimo kabisa katika maandishi. Mtoto asiyejua herufi hata moja ndiye anayekisoma kitabu hiki vizuri kuliko wote.

Nimemtanguliza kuku huyu kwa sababu miswada mingi ninayoipokea inamnyima mchoraji kazi. Mwandishi anaandika kwamba Asha alivaa gauni jekundu lenye maua meupe, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe mkubwa akimsubiri mama. Mchoraji naye, kwa utiifu, anachora gauni jekundu, maua meupe, kigoda na mwembe. Mtoto amepewa kitu kilekile mara mbili. Laiti mwandishi angesema tu kwamba Asha alimsubiri mama, mchoraji angepata pa kuingilia. Angetuonyesha kivuli cha mwembe kimerefuka, chakula kimefunikwa kwa kawa, na Asha amesinzia na kiatu kimoja mguuni. Hapo mtoto anauliza mwenyewe: mama yuko wapi mpaka saa hizi?

Bibi zetu walilijua jambo hili. Bibi hakusema kwamba sungura alinyata kwa woga huku akitazama nyuma. Alisema "sungura akaenda", kisha mabega yake yakapanda, shingo ikazama, macho yakazunguka gizani. Tulipoihamishia hadithi kwenye karatasi tulichukua maneno ya bibi tukayaacha mabega yake. Mchoraji ndiye wa kuyarudisha, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu jina lake lastahili kukaa jaladani sawa na la mwandishi.

Kuna kitabu kingine kilicho jirani zaidi na sisi, Handa's Surprise cha Eileen Browne, cha mwaka 1994. Handa, msichana wa Kijaluo nchini Kenya, amejitwika kikapu cha matunda saba anampelekea rafiki yake Akeyo. Maneno yanatupa mawazo yake tu: Akeyo atapenda tunda lipi? Michoro inatuonyesha kinachotokea juu ya kichwa chake, tumbili akichukua ndizi, mbuni akichukua pera, hadi kikapu kinabaki kitupu. Niliwahi kukisoma na watoto wa darasa la pili. Tembo alipounyoosha mkonga kwenye embe, mtoto mmoja alipanda juu ya benchi, akakielekeza kidole kitabuni, akapaza sauti: "Handa, geuka!" Mwalimu alitaka kumkalisha, nikamwomba amwache. Mtoto yule alikuwa ameona pengo kati ya anachokijua Handa na anachokijua yeye, akaingia ndani ya hadithi kulijaza.

Hata ukubwa wa picha unasimulia. Katika Where the Wild Things Are, cha Maurice Sendak wa Marekani (1963), michoro ya mwanzo ni midogo, imezungukwa na weupe wa karatasi. Max, mvulana wa hadithi hiyo, anavyozidi kuzama katika nchi ya madubwana, picha zinatanuka na kuyasukuma maneno pembeni, mpaka jozi tatu za kurasa zinazotazamana hazina neno lolote. Anaporudi nyumbani maneno nayo yanarudi, na ukurasa wa mwisho hauna picha. Hayo hayapatikani ikiwa mwandishi anamaliza mswada wake, anaukabidhi, na kukutana na mchoraji siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo baada ya chai naomba kila mwandishi akae na mchoraji mmoja. Chukueni karatasi nane, mzikunje katikati, mtapata kijitabu cha kurasa 32. Gawanyeni hadithi humo ukurasa kwa ukurasa, mchoraji achore kwa penseli, harakaharaka. Kisha mwandishi apitie sentensi zake na kufuta kila ambayo mchoro umeshaisema. Kalamu nyekundu ziko pale mezani, karibu na mlango.