Saa Mbili za Angani

Nilipopata habari kwamba mama mkubwa amefariki Nkwenda, wilayani Kyerwa, nilipiga hesabu. Dar es Salaam hadi Bukoba, kwa mstari wa ndege, ni zaidi kidogo ya kilomita 1,000. Ndege ya panga boi huenda kilomita 500 hivi kwa saa. Basi saa mbili, nikajiambia. Mazishi ni kesho saa nane mchana, nitayawahi.

Kumbe nimehesabu anga peke yake. Tulipitia Mwanza, tukakaa huko kungoja mvua ipungue ziwani. Sikunung'unika: Novemba 6, 2022 ndege iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19. Afadhali kuchelewa.

Tulipotua, safari ndiyo kwanza ikaanza. Gari la abiria haliondoki mpaka lijae. Kyaka, milima ya Karagwe, Omurushaka, kisha njia ya Murongo.

Nilifika saa tatu usiku. Kaburi limekwisha kufukiwa, watu wanaota moto. Mjomba akanisogezea kigoda.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo Dar es Salaam imehamia wapi siku hizi?"