Mnana, Chiriku na Kwelea: Majina ya Ndege Wadogo wa Manjano katika Taarifa za Kanda ya Ziwa

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya maofisa ugani na walimu, Nyegezi, Mwanza

Waandaaji wameomba mada ianze na ufafanuzi, nami nitaupitia haraka kwa kuwa washiriki wanaufahamu. Mnana ni ndege mfumaji. Dume, aliye wa manjano msimu wa kuzaliana, husuka kiota kinachoning'inia kwenye tawi au kwenye mafunjo. Chiriku ana mdomo mfupi na mnene wa kumenyea mbegu, na huimba vizuri. Kwelea ni yule wa makundi makubwa anayevamia mtama na mpunga.

Tatizo ni kwamba majina haya matatu huandikwa katika taarifa kana kwamba ni jina moja. Msimu wa kuzaliana ukiisha, mnana dume wa aina nyingi hupoteza manjano yake, akafanana na jike. Kwelea naye hufifia. Mkulima akiona kundi la ndege wa rangi ya majani makavu juu ya majaruba yake, huripoti kwelea, na hakosei kuogopa: kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na makundi yao hufikia mamilioni. Lakini taarifa hiyo ndiyo inayoweza kuleta ndege ya kunyunyizia fenthion, sumu isiyochagua, ambayo huua pia mwewe na bundi wanaokula mizoga. Mnana naye hula mpunga, hilo sikatai. Ila koloni lake juu ya mti mmoja hudhibitiwa kwa kuamia, bila sumu ya angani.

Upande wa chiriku hasara ni ya kimya zaidi. Chiriku wa manjano aliyeenea karibu kila mahali penye miti na mashamba, Crithagra mozambica, na chiriku wa mafunjo, Crithagra koliensis, huandikwa kwa neno lilelile. Huyu wa pili hutegemea mafunjo ya mwambao wa ziwa na mabonde yake. Mafunjo yakikatwa au kuchomwa ili kulima mboga, yeye hutoweka, huku hesabu ya "chiriku" ikibaki kubwa kwa sababu ya yule wa kwanza. Orodha inaonyesha salama mahali ambapo hakuna salama.

Wapo wanaosema jina la kisayansi linatosha. Halitoshi, kwa sababu mkulima hatalitumia, tena nalo hubadilika: chiriku wengi wa Afrika waliwekwa zamani katika jenasi Serinus kabla ya kuhamishiwa Crithagra. Wengine husema majina yaliyobuniwa ofisini hayashiki. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ya kuanza na majina ya Kisukuma, Kikerewe na Kijita, lugha za watu wanaoishi na ndege hawa. Lakini haitupi ruhusa ya kuendelea kuchanganya. Sisemi hivi kuilaumu ofisi yoyote. Fomu tulizorithi zina safu moja tu ya jina, na kwa fomu hizo hata ofisa makini atakosea.

Napendekeza, kwa heshima, kila fomu ya taarifa iwe na nafasi ya jina la kienyeji, jina la Kiswahili na picha ya simu inayoonyesha mdomo. Kiota na mahali kilipo viandikwe, kwani kiota hutofautisha pale rangi inaposhindwa. Pasiombwe unyunyiziaji kabla mtu aliyefunzwa hajathibitisha kwamba ni kwelea. Chiriku wa mafunjo ahesabiwe peke yake, ndani ya mafunjo. Walimu wakusanye majina kwa wazee na wachungaji, kisha yapelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kwa wataalamu wa ndege kwa pamoja, si kwa zamu. Fomu zibadilishwe; narudia hili kwa makusudi, maana mapendekezo mengine yote yanalitegemea. Zoezi lianze na wilaya zenye mpunga na mafunjo pamoja, kabla ya msimu ujao wa mavuno.