Sufi ya Rufiji na Mafuta Yaliyomwagika

 

Nimekuja kuzungumzia utengenezaji wa vitu vya kunyonya mafuta yaliyomwagika. Viwandani na bandarini vinauzwa kama mikeka, mito, au magunia marefu membamba yanayoitwa soksi. Ndani yake mara nyingi mna polipropilini, plastiki iliyoyeyushwa na kupulizwa hadi ikawa nyuzi. Kwetu kazi hiyo inafanywa na mchanga, maranda na pumba za mpunga. Dizeli ikivuja chini ya mashine ya kukoboa, fundi anatupa koleo la pumba, anafagia, basi. Kwa sakafu ya zege sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanzia kwenye maji.

Pumba na maranda hazichagui. Zikikuta maji zinakunywa maji, zinalemewa na kuzama pamoja na mafuta kidogo ziliyoyapata. Juu ya mto kinatakiwa kitu kinachokataa maji na kupokea mafuta. Sufi ni kitu hicho. Unyuzi wake ni mrija mtupu wenye ukuta mwembamba mno, na nje umefunikwa na nta ya asili. Zamani jaketi za kuokolea mabaharia zilijazwa sufi kwa sababu hiyo hiyo, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, Wamarekani waliokuwa wakipata sufi yao huko walilazimika kuokota nyuzi za magugu ya porini kuziba pengo. Leo sisi misufi tunayo mwambao mzima, na sufi yake tunaijua kwa mito ya kulalia na magodoro tu.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Singapore, Teik-Thye Lim na Xiaofeng Huang, walichapisha vipimo ambavyo ningependa kila atakayefungua karakana avikariri. Sufi iliyopakiwa kwa ulegevu, gramu 0.02 katika kila sentimita ya ujazo, ilibeba dizeli mara 36 ya uzito wake, na oili ya injini mara 45. Waliposhindilia hadi gramu 0.09, dizeli ikashuka kuwa mara 7.9.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kasha la mita moja kila upande. Likijazwa kwa ulegevu linaingia kilo 20 za sufi, nazo zinabeba kilo 720 za dizeli. Likishindiliwa linaingia kilo 90, nazo zinabeba kilo 711. Sufi imeongezeka mara nne na nusu, mafuta hayakuongezeka hata kidogo! Kinachobeba mafuta ni nafasi iliyo kati ya nyuzi na ndani ya mirija. Kwa hiyo mtengenezaji anayeuza mito yake kwa kilo atashawishika kushindilia, na mnunuzi atalipia sufi isiyomfanyia kazi. Uzeni kwa ukubwa wa mto na kwa lita unazobeba.

Hapo linazuka suala la usafiri. Lori la mito milegevu kutoka hapa Ngorongo hadi Dar es Salaam limebeba upepo. Tena nyuzi za sufi hukatika kirahisi, kwa hiyo kuzikandamiza kwa mashine ili zichukue nafasi ndogo ni kuziharibu. Ushauri wangu ni kwamba soko la kwanza litafutwe karibu: gereji za Ikwiriri na Kibiti, mashine za kukoboa, boti za Nyamisati, vituo vya mafuta vya barabara ya kusini. Bandari itakuja baadaye, ikija.

Mambo mawili ya karakana. Sufi inashika moto upesi kuliko mnavyodhani, basi jiko na sigara vikae mbali, na anayechambua afunge pua na mdomo. La pili, msishone mito kwa vyandarua chakavu vilivyotiwa dawa. Dawa ile ni sumu kali kwa samaki, na tutakuwa tumeondoa dizeli na kuua perege.

Kwa nini nasisitiza mafuta yanyonywe mtoni, kabla hayajafika deltani? Kwa sababu ya mikoko. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa Mombasa, zikamwagika kiasi cha tani 5,000, na mikoko ya Makupa ikafa. Mafuta huziba mizizi ambayo mkoko unapumulia, kisha hukaa kwenye tope miaka na miaka, na hakuna mto wa sufi utakaoyachomoa humo. Delta yetu ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Juu yetu kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115, na mitambo ya aina hiyo, kokote duniani, hutumia oili nyingi. Malori ya mafuta yanavuka mto kwenye Daraja la Mkapa kila siku. Sisemi kuna kilichovuja. Nasema soksi za sufi zikae tayari darajani.

Mauritius hawakuwa nazo. Meli ya Wakashio ilipomwaga tani 1,000 hivi mwaka 2020, wananchi walishona magunia usiku na mchana wakayajaza majani ya miwa.

Petroli niiweke kando kabisa. Lori likipinduka na petroli, kimbieni na mzuie watu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la namna hiyo lililipuka, wakafa watu zaidi ya 100.

Baada ya kutumika je? Mto unakamuliwa na kutumika tena, ingawa nguvu yake hupungua kila mara. Mtakachokamua ni oili chafu, na oili chafu ina wateja wanaopaka nguzo dhidi ya mchwa. Mto uliochoka ndio wenye matata: usichomwe shambani wala kufukiwa. Tanuri za saruji zingeweza kuuteketeza kwa joto la kutosha, lakini hilo linahitaji mkataba, gari, na kibali cha NEMC, wasimamizi wa mazingira. Halmashauri ianze mazungumzo hayo kabla mto wa kwanza haujauzwa.

Mnunuzi naye apime mwenyewe. Auweke mto mkavu kwenye ndoo ya maji, autikise kwa robo saa, autoe na kuupima. Ukiwa umezama au umenywa maji, amrudishie aliyeushona.