Gari ya 310: maneno ya Katibu kikaoni

Kwa waliokosa kikao, niliyosema ni haya.

Tumezoea kumlaumu utingo wa 310 akimwacha mwanafunzi kituoni. Mimi naangalia fedha. Kila jioni dereva anadaiwa hesabu ya mwenye gari, mafuta juu yake. Kinachobaki ndicho chake. Basi gari haitoki mjini mpaka ijae, mtoto anayelipa pungufu ni hasara, na ikishapita magharibi, haendi Makunduchi kwa abiria wanne. Mama aliyetoka hospitali Mnazi Mmoja alale wapi?

Tunadai leseni ya njia itaje saa ya gari ya mwisho, na Serikali ifidie nauli ya wanafunzi. Barua ya Mwakilishi iko kwangu, njooni mtie saini kabla ya Ijumaa.

Katibu wa Tawi