Mhitimu Mwenye Ulemavu Anapokewa na Nani?

Katika Shule ya Msingi Mugeza Mseto, Bukoba, ambako watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wenzao wasio na ulemavu, mtoto asiyeona hujifunza nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kupapaswa na vidole. Lakini anaporejea kijijini, tuseme Kimwani wilayani Muleba, mashine ya kuandikia maandishi hayo mara nyingi hubaki shuleni.

Hapo ndipo linapoanza suala la mpito, yaani kipindi cha kutoka shuleni kuingia katika utu uzima na kujitegemea. Ikumbukwe kwamba nyenzo zipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau 3% yao ni watu wenye ulemavu, halmashauri hutenga 2% ya mapato ya ndani kwa mikopo ya kundi hilo, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha ufundi. Kasoro kubwa ni kwamba mzazi ndiye anayebeba faili la mtoto wake kutoka ofisi hadi ofisi, nauli ikitokana na mkungu wa ndizi uliouzwa.

Kwa upande mmoja, watendaji wana hoja, kwani bajeti ni finyu na wataalamu wa elimu maalumu ni wachache. Kwa upande wa pili, shule kuifikishia ofisi ya ustawi wa jamii taarifa za mwanafunzi mwaka mmoja kabla hajahitimu hakuhitaji jengo jipya.

Je, ni ofisi ipi itakayokubali kuulizwa mhitimu huyo yuko wapi leo?